Hewa ya moto kwenye injini inavyokula kipato cha mkulima

KILA msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa mwezi Mei, barabara za vumbi za Magu, Kwimba, Misungwi, Maswa na Bariadi hujaa malori. Wakulima na viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, huwa na mambo mawili makubwa ya kujadili: bei ya kilo na uaminifu wa mizani. Jambo la tatu halijadiliwi kabisa, nalo ni ule moshi mweusi unaotoka kwenye lori lililosheheni pamba linapopanda kilima.

Moshi ule watu wameuzoea kiasi kwamba wengi wanadhani ni dalili ya nguvu. Ukweli ni kinyume chake. Moshi mweusi ni dizeli iliyolipiwa kwa fedha taslimu, ikaingia kwenye injini, ikakosa hewa ya kutosha kuungua, na sasa inatupwa barabarani. Gharama yake haiishii kwa mwenye gari. Huingizwa kwenye nauli ya mzigo, na nauli ya mzigo hukatwa kwenye bei anayopewa mkulima shambani.

Moshi huo una sababu kadhaa: nozeli zilizochoka, pampu iliyochezewa, chujio la hewa lililoziba. Lakini ipo sababu moja ambayo wenye magari wengi wa Kanda ya Ziwa huipuuza kwa kuwa hawaijui kazi yake. Ni kile kifaa chenye umbo la rejeta, kilichopangwa mbele ya rejeta yenyewe, ambacho mafundi hukiita intakula. Umefika wakati wafanyabiashara, vyama vya ushirika na wakulima wenyewe wakitambue kifaa hiki, kwa sababu wao ndio wanaolipa kinapoharibika.

Tabo hushindilia, intakula hupoza

Kuelewa kazi ya intakula hakuhitaji elimu ya chuo. Inatosha kukumbuka kwamba injini haili dizeli peke yake. Kilo moja ya dizeli inahitaji takriban kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote, na injini za dizeli hupewa hewa zaidi ya hapo ili zisitoe moshi. Kwa hiyo lori linalobeba mafuta kwenye tangi linategemea shehena nyingine kubwa zaidi, isiyoonekana, ambayo linaivuta njiani kila sekunde.

Injini ya kawaida huvuta hewa kwa nguvu ya pistoni zake tu. Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha hataza ya wazo la kutumia moshi wa injini, ambao hutoka ukiwa na joto na nguvu nyingi, kuzungusha feni itakayosukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Hiyo ndiyo asili ya tabo. Upande mmja wa tabo huzungushwa na moshi unaotoka, na upande wa pili hushindilia hewa safi inayoingia. Hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaweza kuungua, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa.

Mfano uko kwenye Fuso zilezile zilizojaa Mwanza. Injini ya 6D17 ina ukubwa wa lita 8.2 na haina tabo. Injini ya 6M60 iliyokuja baadaye ina lita 7.5 tu, lakini kwa kuwekewa tabo na intakula haizidiwi nguvu na ile kubwa.

Tatizo ni kwamba hewa ikishindiliwa inapata joto. Mwendesha baiskeli yeyote wa Usukumani anajua jambo hili hata kama hajawahi kulifikiria. Akijaza upepo tairi kwa pampu ya mkono, sehemu ya chini ya pampu huwa ya moto. Kwenye tabo joto hilo ni kubwa mno. Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa hadi mgandamizo wake ukawa mara mbili, inaweza kutoka kwenye tabo ikiwa na joto la karibu nyuzi 120. Hiyo ni hewa yenye joto kuliko maji yanayochemka.

Na hewa ya moto hutanuka. Hapa mkulima wa pamba anaweza kumfundisha fundi. Pamba mbegu iliyotupwa tu kwenye bodi ya lori hujaza gari kabla haijafika uzito wa maana. Pamba nyuzi iliyoshindiliwa kiwandani ikawa robota hukaa mahali padogo, na lori hubeba tani nyingi. Sasa chukulia kwamba robota limefungwa kwa kamba zilizolegea, likaanza kufumuka lenyewe. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa hewa iliyoshindiliwa na tabo kisha ikaachwa na joto lake. Tabo imefanya kazi ya kubana, na joto linafumua.

Intakula ndiyo kamba inayokaza robota. Hewa ya moto kutoka kwenye tabo hupita ndani ya mirija yake, na upepo wa barabarani pamoja na ule wa feni hupita nje, kati ya mapezi membamba ya aluminiamu, ukiondoka na joto. Hewa iliyoingia na nyuzi 120 ikitoka na nyuzi 55, silinda ileile, kwa mgandamizo uleule, hupokea hewa nyingi zaidi kwa karibu moja ya tano. Hewa hiyo ya ziada haikuongezewa senti ya dizeli. Imepatikana kwa kupozwa tu.

Faida nyingine ni ya uhai wa injini. Hewa inayoingia ikiwa ya baridi, moto ndani ya silinda na moshi unaotoka navyo hupungua joto. Pistoni, valvu na tabo yenyewe hudumu. Kwenye magari ya petroli yenye tabo, kama baadhi ya Subaru zinazoonekana katika mitaa ya Mwanza, hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake na injini ikagonga. Kwa hiyo huko intakula ni kinga ya injini kabla ya kuwa chanzo cha nguvu.

Si kila intakula hukaa mbele. Kwenye pikapu za Toyota Hilux za D-4D zenye mdomo juu ya boneti, mdomo ule haukuwekwa kwa urembo. Upepo huingia pale na kupoza intakula iliyolala juu ya injini. Kwenye injini kubwa za meli hewa hupozwa kwa maji, kwa sababu maji huchukua joto upesi kuliko upepo. Njia ni tofauti, kanuni ni moja.

Mwanza si Dar es Salaam

Ipo sababu ya kijiografia inayofanya jambo hili kuwa zito zaidi katika Kanda ya Ziwa kuliko pwani. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi. Injini isiyo na tabo ikitoka bandarini Dar es Salaam na kufika Mwanza imekwishapoteza sehemu ya nguvu zake, bila kuharibika chochote.

Tabo hurudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo, lakini kwa kufanya kazi zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, tabo hulazimika kuishindilia zaidi ili kufikia mgandamizo uleule, na kadiri inavyoishindilia ndivyo joto linavyoongezeka. Kwa maneno mengine, gari la Mwanza linaihitaji intakula kuliko gari la Mtwara au Tanga.

Ongeza hapo aina ya safari. Lori la mchele au dagaa linalotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,100, na njiani hukutana na mlima Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida. Pale gari hupanda taratibu, mzigo ukiwa kamili na dereva amekanyaga mafuta hadi mwisho. Tabo inashindilia kwa nguvu zake zote, joto liko juu kabisa, na upepo wa mbele ni mdogo kwa kuwa mwendo ni mdogo. Hakuna mahali ambapo intakula chafu hujulikana upesi kama mlimani.

Lori la pamba lina adha yake pia. Halisafiri mbali, kutoka ghala la AMCOS hadi kiwanda cha kuchambua pamba, lakini hupita barabara za udongo kwa mwendo wa kobe likiwa limejaa. Kwa intakula, safari fupi ya namna hiyo ni ngumu kuliko safari ndefu ya lami.

Maadui wanne

Adui wa kwanza ni uchafu wa nje. Vumbi la barabara, nyuzi za pamba zinazopeperuka viwandani, majani makavu na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi kama moshi, wote huishia kwenye mapezi ya intakula. Kwa kuwa kifaa hiki kiko mbele ya rejeta, uchafu mwingine hunasa katikati ya viwili hivyo, mahali ambapo kijana wa kuosha magari hafiki. Gari huonekana safi kwa mbele, huku nyuma ya intakula kuna blanketi la tope. Matokeo yake ni mara mbili: hewa haipoi, na maji ya rejeta nayo huchemka. Wenye magari hubadilisha thamostati na pampu ya maji, na shida inabaki palepale.

Wapo pia wanaojizibia wenyewe. Bango kubwa la jina la gari, safu ya taa, au turubai lililokunjwa na kufungwa mbele ya grili huzuia upepo. Wavu wa kuzuia wadudu ni jambo jema, lakini wavu usiosafishwa ni ukuta.

Adui wa pili ni uvujaji. Kati ya tabo, intakula na injini kuna mabomba yaliyounganishwa kwa mipira na vibanio. Mpira hupasuka kwa joto na mtikisiko, kibanio hulegea. Hewa ambayo tabo imeishindilia kwa jasho hutokea hapo. Kwenye magari ya zamani yenye pampu ya kawaida, dizeli inaweza kuendelea kuingia kwa kipimo kinachokaribia kile cha zamani wakati hewa imepungua, na hapo ndipo moshi mweusi unapoanza. Kwenye magari mapya yenye kompyuta, vihisio hugundua upungufu na kupunguza dizeli. Moshi hautoki sana, lakini gari hugoma kupanda.

Adui wa tatu ni oili ndani ya mirija. Tabo iliyochoka hupitisha oili, nayo hujipaka ndani ya intakula na kuzuia joto lisitoke. Hatari kubwa zaidi ni pale tabo inapovunjika. Vipande vya chuma na oili hubaki ndani ya intakula. Fundi akifunga tabo mpya bila kuisafisha, vipande hivyo huweza kusukumwa hadi kwenye silinda. Oili ikiwa nyingi, injini ya dizeli huweza kuinywa kama mafuta na kupiga kelele bila kuzimika hata ufunguo ukizungushwa. Tabo ya pili hufa wiki hiyohiyo, na lawama humwendea muuza vipuri.

Adui wa nne ni mwanadamu. Intakula inapotoboka, bei ya nyingine humtisha mwenye gari. Fundi humpa ushauri unaosikika kuwa wa huruma: "Bosi, tuirushe tu, tuunge bomba moja kwa moja, gari litatembea." Bosi hufurahi. Gari kweli hutembea, na hapo ndipo hasara inapoanza kimyakimya.

Hasara hulipwa na nani

Hesabu ndogo inaweza kusaidia. Chukua mfano wa semitrela inayokwenda Dar es Salaam na kurudi Mwanza kwa lita 900 za dizeli. Ikiwa uvujaji wa hewa na uchafu wa intakula vimeongeza matumizi kwa asilimia tano tu, lita 45 zimepotea katika safari hiyo. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 135,000. Gari likifanya safari tatu kwa mwezi, ni shilingi 405,000. Kwa miezi kumi ni zaidi ya shilingi milioni nne.

Fedha hizo hazitoki hewani. Kama gari hilo lilibeba magunia 280 ya mchele ya kilo 100, kila gunia limebeba karibu shilingi 480 za moshi. Mfanyabiashara wa mchele anajua bei ya sokoni Dar es Salaam haimsikilizi yeye. Kinachobaki mikononi mwake ni bei ya kununulia kule Magu au Sengerema, na hiyo ndiyo huishusha nauli inapopanda. Mkulima aliyeuza magunia 40 amelipa zaidi ya shilingi 19,000 kwa ajili ya mpira uliopasuka kwenye gari asilolijua.

Hiyo ni hesabu ya dizeli peke yake, na hapo gari halijaharibika. Lori likikwama Sekenke siku mbili kwa sababu pistoni imeyeyuka, hesabu inakuwa nyingine. Mananasi ya Geita hayasubiri. Dagaa wa Soko la Mwaloni Kirumba, waliokaushwa vizuri, wakinyeshewa njiani hushuka daraja. Mzigo wa samaki kwenye barafu una saa zake, na barafu ikiyeyuka hakuna wa kumlalamikia.

Ikumbukwe pia kwamba kisingizio cha zamani hakipo tena. Kwa miaka mingi malori yaliyokwenda Geita, Bukoba, Rwanda na Burundi yalipoteza saa nyingi yakisubiri kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, linapitika muda wote. Taifa limelipa fedha nyingi kuondoa ucheleweshaji ule. Itakuwa ajabu iwapo saa zilizookolewa kwenye daraja zitapotezwa kando ya barabara, boneti ikiwa wazi, kwa sababu ya kibanio cha mpira.

Hoja za wanaopinga

Wapo wanaosema malori ya zamani hayakuwa na intakula na yalifanya kazi miaka mingi. Ni kweli. Scania zenye injini ya DS11 zilikuwa na tabo bila intakula, na zile za DSC11 zilizokuja baadaye ziliongezewa herufi C kuonyesha kwamba hewa inapozwa. Trekta la Massey Ferguson 290 linalolima mashamba mengi ya kanda hii halina tabo kabisa, hivyo halina cha kupoza. Lakini injini hizo zilipangwa kiwandani kwa kiasi cha dizeli kinacholingana na hewa yake. Injini iliyozaliwa na intakula ilipangiwa dizeli ya hewa baridi. Kuinyima intakula na kuiachia dizeli yake ni kama kumpa ng'ombe mmoja jembe la ng'ombe wawili.

Wapo pia wanaosema nguvu iliyopotea inaweza kurudishwa kwa fundi wa pampu kuongeza dizeli. Huu ndio ushauri ulioua injini nyingi. Tatizo la gari hilo ni upungufu wa hewa. Kuongeza dizeli mahali ambapo hewa haitoshi huongeza moshi na joto, na mwisho wake ni kichwa cha silinda kupasuka au pistoni kutoboka. Vivyo hivyo, asidanganyike mtu kwamba akinunua intakula ya mtumba na kuifunga kwenye gari lisilokuwa nayo atapata miujiza. Bila injini kupangwa upya, faida yake ni ndogo kuliko ahadi za muuzaji.

Hoja nzito zaidi ni ile ya bei. Intakula mpya ya lori ni ghali kwa mwenye gari moja aliyelinunua kwa mkopo, na si haki kumbeza. Hata hivyo, si kila intakula iliyotoboka inastahili kutupwa. Aluminiamu huchomelewa vizuri kwa gesi ya agoni na fundi mwenye ujuzi, na mpira na kibanio ni vitu vya bei ndogo. Kiraka cha gundi hakidumu kwenye joto na mgandamizo ule. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa huzibwa kwa makumi ya maelfu wakati ukuta ni mamilioni ya injini nzima.

La kufanya

Mwenye gari aanze na ratiba. Intakula na rejeta vitenganishwe na kuoshwa katikati yake kabla ya msimu wa pamba na baada yake. Maji yapigwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa nguvu ya wastani, gari likiwa limepoa. Mashine ya maji yenye nguvu kubwa ikiwekwa karibu hukunja mapezi, na pezi lililokunjwa halipitishi upepo. Tabo ikibadilishwa, intakula ifunguliwe na kusafishwa kwa ndani pasipo mjadala.

Uvujaji upimwe kwa upepo, si kwa macho. Mabomba huzibwa pande zote mbili kwa vifuniko vilivyofungwa imara, upepo wa kompresa huingizwa, na maji ya sabuni hupakwa kwenye maungio. Povu likitokea, hapo ndipo hela zinapotokea. Tahadhari ni moja: tairi la lori hujazwa zaidi ya paundi 100, ilhali hapa paundi 20 hadi 30 zinatosha. Anayetumia upepo wa tairi bila kipimo atapasua mipira, na kifuniko kinaweza kuruka na kumjeruhi.

Dereva na utingo wake wafundishwe kusikiliza. Mluzi wa hewa wakati gari likivuta, moshi mweusi mlimani, oili iliyolowanisha maungio ya mabomba na gari kuchemka wakati rejeta ina maji ni dalili za kuripotiwa. Mwenye gari naye asimkaripie dereva anayemwambia, "Mzee, gari limechoka." Dereva huyo anamwokolea mtaji.

Kwa upande wa AMCOS na wafanyabiashara, mikataba ya kusomba mazao isiangalie nauli ya chini peke yake. Kabla ya kupakia, kiongozi wa chama anaweza kuomba boneti ifunguliwe au kabini iinuliwe. Haihitaji ufundi kuona intakula iliyojaa tope, au bomba lililounganishwa moja kwa moja likairuka. Gari la namna hiyo likitaja nauli ndogo leo, litaidai kesho kwa kuchelewa. Na anayenunua lori lililotumika asikubali kulijaribu kwenye tambarare likiwa tupu. Alijaribu likiwa na mzigo, kwenye mlima, dirisha likiwa wazi asikie.

Nyakato, jijini Mwanza, kuna chuo cha VETA na ofisi za SIDO. Mafundi wengi wa gereji za mitaani wamejifunza kazi kwa kutazama, na ni mahodari, lakini kupima mgandamizo wa hewa na kuchomelea aluminiamu si mambo ya kubahatisha. Kozi fupi ya siku chache, itolewe kipindi ambacho malori yamepumzika kati ya misimu, ingewafaa zaidi kuliko semina nyingi za ujasiriamali. SIDO nayo inaweza kuwasaidia mafundi kutengeneza vifuniko vya kupimia, kifaa rahisi ambacho gereji nyingi hazina.

Mkulima wa Kanda ya Ziwa amezoea kuambiwa kwamba bei yake ni ndogo kwa sababu ya soko la dunia, mvua au ubora wa pamba. Yote hayo yana ukweli wake, na hana uwezo nayo. Lakini sehemu ya bei yake hupotea hapahapa kwenye barabara za kwao, kwa bomba la moshi la lori lililobeba jasho lake. Chama cha msingi kinachomtuma mwakilishi kukagua mizani asubuhi kinaweza kumtuma mtu huyohuyo kufungua boneti kabla ya kupakia.